Mto Niliotangaza Kwamba Umepona

Mpendwa mshauri, naandika kuomba msaada, nami nakiri kwanza kwamba safu hii nilikuwa nikiisoma kwa kuicheka, nikiamini kuwa mtu aliyesoma hawezi kukwama mahali asipoweza kujinasua kwa hoja. Nina shahada ya takwimu, na ofisi ya maji iliniajiri nichambue vipimo vya mto wetu vilivyochukuliwa kila mwezi kwa miaka ishirini na sita, ili ijulikane kama maji yanaharibika au yanatengemaa.

Anayechukua sampuli alikuwa dada mmoja anayenizidi miaka mitatu. Niliomba tufuatane, nikidai kwamba mchambuzi sharti aone vipimo vinakotoka, na ukweli ni kwamba nilitaka kumwona akiinama darajani na kamba mkononi, akihesabu kwa sauti ya chini hadi chupa ijae. Yeye alizoea kufika saa kumi na mbili asubuhi, mimi usingizi ni ndugu yangu, nikawa nafika saa nne, mara nyingine saa sita, na kila mara nilimkuta ameketi, chupa bado tupu. “Profesa,” alikuwa akisema, “mto umekungoja mpaka umeanza kupiga miayo.” Miaka miwili tulikwenda hivyo, na la moyoni sikulisema.

Kisha nikaandika ripoti. Oksijeni, ile hewa wanayovuta samaki majini, ilishuka miaka ishirini na minne mfululizo, halafu katika miwili ya mwisho ikapanda. Nilikuwa nimelinganisha kila mwezi na mwezi huohuo wa miaka mingine ili mvua na kiangazi visinidanganye, nikaondoa hata athari ya wingi wa maji, nikasimama kikaoni kutangaza kwamba mto unapona. Yule dada akanyoosha mkono.

“Mto haujapona, Profesa, ni sisi tunaochelewa. Jua likipanda, mimea ya chini ya maji hutoa hewa. Nenda alfajiri uone.”

Nikamjibu mbele ya mkurugenzi, “Dada yangu, kubeba chupa si kuchambua.” Watu wakacheka. Wiki iliyofuata aliomba uhamisho, akapelekwa kituo cha mbali, juu kabisa ya mto.

Ni miezi mitano sasa. Aliyechukua nafasi yake anakwenda alfajiri, na hewa imerudi chini palepale. Ndipo nikafungua madaftari ya mtoni, ambayo sikuwahi kuyagusa kwa kuwa namba zote ninazo kwenye kompyuta, nikakuta saa ya kila safari kwa mwandiko wa dada yule. Mstari ule uliopanda na kuniletea sifa, mshauri, haukuwa mto, ulikuwa ni yeye akiningoja. Naufungua kila nikiingia ofisini, nautazama kama wengine wanavyotazama picha, na kiti chake kando ya dirisha wameshakiwekea mashine ya kuchapia.

Ripoti itasomwa kwa wakazi mwezi ujao. Nikianza kuisahihisha, ataona nimeshindwa na namba tu. Nikianza kwake, ataniuliza ripoti iko wapi. Nianzie wapi?

Ni mimi, Profesa asiye na darasa.

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Kumkosa mtu uliyezoea kumkuta mahali ni maumivu, na sitayafanyia mzaha. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno “samahani”, sikuliona. Hoja nimeziona, tena zimepangwa vizuri.

Yeye pia alikosea. Kazi ilimtaka aende alfajiri, akakungoja wewe. Ila aliandika saa kila safari, bila kuificha, na kosa lilipozaa ripoti alisimama akalisema. Wewe ulikuwa na shahada na daftari, ukaacha daftari limefungwa. Halafu unaogopa ataonaje! Wakazi wataambiwa maji yanapona, nawe unapiga hesabu za wapi uanzie ili usamehewe?

Anza na ripoti, wiki hii, usingoje mwezi ujao. Omba kikao na watu walewale waliocheka. Sema kwamba ulionywa, na nani alikuonya, na ulimjibu nini, neno kwa neno, hata kama mkurugenzi atakunja uso. Vipimo vya mchana vitengwe na vya alfajiri, na mstari uchorwe upya. Usimpelekee nakala kama zawadi. Hiyo ni kazi yako, humfanyii hisani.

Kisha panda gari uende kituoni kwake. Acha kompyuta nyumbani. Mwombe radhi kwa kumdhalilisha, umwambie la moyoni ulilolinyamazia miaka miwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwako, unyamaze usikilize. Mtu anaweza kukungoja miaka miwili na bado akawa amechoka. Uwezekano huo upo, nami sitakudanganya.

Akikwambia hapana, usimwombe ushahidi.