Tungsteni ya Shangazi Carmela

Jumatatu, 2 Mei 1988

Jana timu yetu ya Napoli imefungwa nyumbani na Milan, na leo maabara nzima ina msiba. Mwenzangu Rino kaja na miwani myeusi. Anasema Jumamosi kanisani damu kavu ya mtakatifu wa mji wetu iliyeyuka vizuri kabisa, ishara ya heri – kumbe alikuwa anatuaga!

Si siku ya kubishana na mkuu wetu, Profesa Capasso. Nikabishana. Mkutanoni nikasema kijidudu chetu cha kisiwa cha Vulcano hakihitaji metali ya molibdeni. Kinahitaji tungsteni. Ile ile ya uzi wa balbu! Profesa akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Vitabu vyote vinasema tungsteni ni sumu: inajipenyeza mahali pa molibdeni na kuharibu kazi.

“Ersilia, binti yangu,” akasema, “umempa mgonjwa sumu, hajafa, sasa unasema ndiyo chakula chake?”

Wakaangua kicheko wote. Hata Rino, msaliti.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Nikithibitisha, tungsteni yangu inakwenda kongamano la Roma. Nikishindwa, inakwenda molibdeni yake, na mimi mkataba ukiisha Juni nitafundisha kemia sekondari kule Benevento. Mama atafurahi. Mimi nitakufa.

Jumatano, 4 Mei

Nimepanda chupa. Nusu zina tungsteni, nusu hazina. Zimo kwenye beseni la mafuta, joto linakaribia la maji yanayochemka. Ndivyo kinavyopenda, kimetoka kwenye mchanga wa moto chini ya bahari. Kwenye joto letu sisi kinalala tu. Na kikiwa motoni, hewa kidogo – kwaheri! Rino anakiita Shangazi Carmela, kwa sababu shangazi yake hufunga madirisha hata Agosti, na akihisi upepo shingoni anataka aitiwe padri. Kila akipita kwenye beseni anainama: “Shangazi, hujambo? Upepo haujakupata?”

Ijumaa, 6 Mei

Zimeota zote. Zote! Zenye tungsteni na zisizo nayo, ukungu ule ule.

Profesa kainua moja isiyo na tungsteni, kaitazama dirishani, kairudisha. Kaondoka akipiga mluzi. Bora angenitukana.

Nimelia chooni. Basi.

Jumapili, 8 Mei

Chakula cha mchana kwa Mama. Dada Nunzia kapiga simu kutoka Torino, analalamikia kahawa. Kahawa ile ile, birika lile lile, ladha hakuna. Mama kamjibu kama anavyomjibu siku zote: ni maji, mwanangu, maji ya huko si maji, safari hii ubebe ya bomba letu.

Nikabaki na uma umening'inia hewani, mchuzi unadondokea kitambaa cha meza.

Maji!

Sisi wenyewe! Maabara yetu haipiki supu ya vijidudu kwa maji mengine ila ya bahari ya Vulcano. Tunayaleta kwa madumu, melini, tukiyalinda kama mtoto mchanga. Profesa ndiye aliyeamuru, zamani: kijidudu kinyweshwe maji ya kwao. Wote tukaitikia, maana nani Napoli angebisha jambo kama hilo? Lakini maji yale yanachotwa penye chemchemi za moto. Yamepita kwenye mawe, yamekwangua kila kitu. Yana tungsteni yake tayari! Chupa zangu “tupu” hazikuwa tupu hata siku moja.

Nimembusu Mama mashavu yote mawili. Kaniuliza kama nimechumbiwa.

Jumatatu, 9 Mei

Natengeneza bahari. Maji ya mvuke uliopozwa, chumvi safi, moja moja kwenye mizani.

Rino: “Dada, bahari iko hapo nje, bure!”

Profesa kasikia, kaja mbio. “Maji ya duka la dawa! Utamuua!” Nikamwambia, Profesa, asipoota humo bila tungsteni ndiyo ushahidi wenyewe. Kaondoka bila mluzi.

Nitakihamisha chupa hadi chupa mpaka akiba yake ya zamani iishe. Subira. Sina, lakini nitaazima.

Jumamosi, 14 Mei

NIMEPATIA!

Chupa isiyo na tungsteni – maji matupu, unaweza kusomea gazeti upande wa pili! Nikaitia molibdeni, ile ya Profesa. Hakuna kitu. Ya pembeni yake nikaitia tungsteni, tone tu. Leo nimeikuta ina ukungu mzito. Shangazi Carmela kaamka na njaa!

Nimepiga kelele mpaka watu wa ghorofa ya juu wakadhani kuna moto. Rino kanishika mikono tukacheza koridoni, akiimba nyimbo za uwanjani, kila penye jina la mchezaji anatia tungsteni. Nimemsamehe usaliti.

Profesa kaziangalia chupa muda mrefu. Kisha: “Kuota ni kuota. Kimeng'enya kiko wapi? Nionyeshe protini inayoitumia.”

Nitakuonyesha, mzee. Subiri uone.

Alhamisi, 26 Mei

Siku zote hizi mikono yangu imeishi ndani ya glavu za sanduku lisilo na hewa. Mzigo wa kwanza ulikufa, mpira wa glavu ulivuja, hewa ikaingia. Nililaani, nikaanza upya. Leo kimeng'enya kimetoka. Protini nyekundu iliyoiva, kama mvinyo uliosahauliwa kabatini. Nzuri! Sijawahi kuona kitu kizuri hivi, na nimeshaona watoto wote wawili wa Nunzia wakizaliwa.

Profesa kaja kushuhudia, mikono kaikunja kifuani. Nikaweka protini, nikaweka chakula chake, aldehaidi, nikaweka dawa isiyo na rangi ambayo hugeuka zambarau kimeng'enya kikifanya kazi. Tukangoja. Haikugeuka.

“Kimekufa,” kasema Profesa. Kwa upole, ndicho kilichoniuma.

“Hakijafa, Profesa. Kinasikia baridi.”

Nikakichovya kwenye beseni la moto. Loo! Zambarau! Si ya kubahatisha, zambarau ya joho la askofu, chupa nzima, mbele ya macho yake. Rino kafanya ishara ya msalaba. Na vipimo vya metali vimerudi mchana: tungsteni imo ndani ya protini. Molibdeni hakuna. Hakuna!

Profesa kakaa kwenye kiti cha Rino. Kasema polepole kwamba molibdeni amekuwa akiitia kwenye supu ile tangu mimi nikiwa shule, na yale maji ndiyo yaliyokuwa yakimlisha mtoto muda wote. Nilimhurumia. Kidogo. Halafu nikafurahi tena, siwezi kujizuia.

Ijumaa, 27 Mei

Naandika hapa hapa kwenye meza ya maabara. Profesa yuko kwenye simu ya ukutani, anawapa watu wa Roma kichwa cha mada yetu. Neno tungsteni limemtoka mdomoni kwa mara ya kwanza! Bibi wa upande wa pili halielewi, basi Profesa anamtajia herufi kwa miji: “T ya Torino, U ya Udine, N ya Napoli...” Rino kajiziba mdomo kwa kitambaa.

Sasa bibi kauliza jina la msemaji. Jukwaani anapanda mmoja tu, na kila mwaka ni yule yule. Capasso, C ya Como, ghorofa nzima tunaijua kwa moyo.

Profesa kavua miwani. Kanitazama, mimi Scognamiglio, niliyevaa koti la maabara lenye doa la zambarau.

“Andika, bibi,” kasema. “S ya Savona...”

Simu imekatika!

Anatukana kampuni ya simu, ukoo mzima. Anapiga tena. Laini ya Roma inatumika. Anapiga tena. Rino hapumui. Mimi hata kalamu sijui naishikaje.

Inaita.