Mtani Aliyeniita Bosi

Bukoba

Dada Zuhura,

Shikamoo. Vipi mguu, umeacha kuvimba au bado unaulazimisha shambani? Na ufuta, mmemaliza kuvuna? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu tumpoteze bibi. Najua umeninunia kwa kutokuja Mbekenyera kumzika. Una haki.

Siku ile pampu kubwa ya maji ilikuwa imefunguliwa vipande vipande, na mtu pekee ambaye ningemwachia kazi alikuwa ameshahamia wilaya nyingine. Ni Rashidi, yule fundi Mngoni niliyekuwa nakusimulia, mtani wangu wa kikabila. Nilipokuwa mhandisi wa kawaida tulitukanana kutwa. Yeye ananiita mla panya, mimi namwita mtumwa wangu, halafu tunakula sahani moja.

Waliponipa ukuu wa kituo sikubadilika, na nikajisifu kwa hilo. Asubuhi moja Rashidi alichelewa kikaoni. Nikasema mbele ya wote, "Mtumwa wangu, nilidhani umetoroka." Watu wakacheka. Nikangoja anirudishie. Akasema tu, "Samahani, bosi," akakaa. Kuanzia hapo mafundi wapya wakawa wanamwagiza chai: "Mtumwa wa bosi, lete vikombe." Nilisikia, dada. Nikaona ni utani, utaisha wenyewe. Pampu ikizidiwa hupiga kelele, na hilo nimelisomea; yeye alinyamaza tu, nami nikadhani yuko sawa. Akaomba uhamisho. Nikaweka saini bila hata kumuuliza sababu.

Aliposikia msiba alikuja kwangu. Nilifurahi kumwona mlangoni, nikajua sasa atatuvurugia matanga kama watani wafanyavyo msibani: atadai kuku, atasema wala panya wamepungua, nami nitacheka kidogo. Akavua viatu, akanipa mikono miwili. "Pole sana, bosi. Mungu amrehemu marehemu." Akaenda kukaa pembeni na wageni. Hapo ndipo nilipolia, na watu wakadhani namlilia bibi peke yake.

Nilimfuata nje nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha, bosi," nami nikamsindikiza hadi stendi.

Nisalimie shemeji, na mjomba wa kule Mtua aliyesimama mahali pangu kaburini. Wasalimie na watani waliomzika bibi. Nimesikia kila wakipita hapo nyumbani wanatangaza kwamba mjukuu wake ameoa pampu, na wewe unawafokea. Usiwakataze, dada. Waache wanitukane.

Mdogo wako,
Salumu