Siku Niliyoiambia Benki Kwamba Mutuku Amekufa

Alhamisi. Joto. Mawingu yalikuja Kathonzweni asubuhi, yakakaa juu ya soko kidogo kama wageni wasiotaka chai, kisha yakaenda zao. Siku hizi kila mtu anatembea akitazama juu. Nimefunga duka mapema kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuisikiliza mashine ya fotokopi.

Nina jambo la kuandika na nimelizunguka tangu nifike nyumbani. Nimefua. Nimepepeta ndengu ambazo zilikuwa safi tayari.

Leo nimefunga akaunti ya benki.

Najua hiyo si habari. Mwezi huu hapa kwetu kufunga akaunti kumekuwa kama fasheni. Kuna benki mpya imefungua tawi mjini Wote na inatafuta wateja kwa udi na uvumba. Dada wao wa mauzo, Faith, alitukuta mwezi uliopita tukichimba shambani kwa Ndinda. Alikuja na viatu ambavyo havikushonwa kwa ajili ya shamba, akatuambia kwamba ukiihama benki yako ya zamani ukaenda kwao, unapewa shilingi elfu tatu. Ila kwa kikundi kulikuwa na sharti: kila mwanachama ahame, na kila mmoja alete barua ya kuonyesha kwamba amefunga akaunti ya zamani. Akibaki mmoja, hakuna anayepata.

Sisi ni mwethya. Tuko wanawake kumi na wawili, tunachimbiana mitaro ya fanya juu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Udongo tunautupa upande wa juu ili maji ya mvua yasiondoke na shamba. Katika mwethya huchimbiwi halafu ukakosa kuwachimbia wenzako. Faith hakujua, lakini sharti lake lilikuwa letu tangu kabla hajazaliwa.

Elfu tatu wakati huu ni mbegu. Mvua iko karibu na ndengu za msimu uliopita wengi wamezila. Mama Kyalo, mwenyekiti wetu, alikuwa tayari amezungumza na muuzaji wa mbegu kule Emali. Wenzangu wakaanza kwenda Wote mmoja mmoja. Ndinda alirudi akicheka: "Wamenifungia tu hivi, kama mlango wa kuku! Hata hawajaniuliza naenda wapi." Nadhani aliudhika kidogo kwamba hawakumbembeleza abaki.

Wakabaki wawili, kisha mmoja.

Mimi.

Akaunti yangu haikuwa yangu peke yangu. Niliifungua na mume wangu, Mutuku, mwaka ule tulipouza ndengu kwa bei nzuri kwa mara ya kwanza. Aliazima koti la binamu yake wa Kibwezi, mikono ya koti ikamfunika vidole, akaweka sahihi huku ametoa ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza. Yeyote kati yetu angeweza kutoa pesa. Nambari ya simu tuliyoandikisha ilikuwa yake.

Mutuku alikufa miaka miwili iliyopita. Kijiji kinajua, kanisa linajua, chifu anajua. Benki sikuiambia.

Mwanzoni niliogopa kwamba wataizuia pesa, na binti yetu Mumo alikuwa anaingia sekondari. Hofu hiyo iliisha. Ningeweza kwenda. Lakini Krismasi ya kwanza simu yake, kabambe ya vitufe iliyofungwa kwa mpira ili betri isianguke, ililia mezani. "Mpendwa Mutuku, tunakutakia wewe na familia yako Krismasi njema." Siku yake ya kuzaliwa ikalia tena, wakamtakia maisha marefu. Niliusoma ujumbe huo hadi nikaujua kwa moyo. Watu wengine wote walikuwa wanamwita marehemu, ila benki iliendelea kumsalimia.

Basi nikawa naichaji. Dukani kwangu watu hulipa kuchaji simu, na siku za soko hugombania matundu ya umeme. Lile tundu la pembeni, karibu na dirisha, niliwaambia wateja kwamba limeharibika. Halijaharibika. Ni la Mutuku.

Naandika haya na naona aibu, lakini ndivyo ilivyo. Tena mimi ndiye nimewatolea watu wa soko hili fotokopi za vyeti vya kifo miaka yote hii. Najua jinsi ya kuvilaza kwenye kioo ili mhuri utoke. Cha Mutuku sikuwahi kukitoa nakala hata moja.

Jumanne zamu ya kuchimbiwa ilikuwa yangu. Nilitamani kuwaambia wasije. Kila aliyeniuliza habari ya Wote nilimjibu "nitaenda tu", na nilijua mbegu za wote zimekwama kwangu. Nilidhani watanikalisha chini wanihoji. Walikuja na majembe na sepeto, wakapanga mstari, wakachimba. Hakuna aliyegusia benki.

Mchana Faith akafika, akasimama ukingoni mwa mtaro. "Mama Mumo, ni wewe tu tunangojea. Wenzako wanaumia."

Mama Kyalo hata hakuinua kichwa. "Huyu leo tunamchimbia," alisema. "Hiyo maneno ya benki utaongea huko benki." Akaendelea kutupa udongo juu.

Wangenigombeza, ningekataa. Najijua, mimi ni mkaidi. Lakini nilisimama ndani ya mtaro wangu nikiangalia migongo yao imelowa jasho kwa ajili ya shamba langu, nikaanza kulia na sikuweza kuficha. Ndinda akanipa maji. Faith alipoondoka nikawaambia yote: akaunti, simu, tundu, salamu za Krismasi. Kisha Mama Kyalo akasema, "Si ungetuambia tu. Hiyo mbegu tungetafuta kwingine."

Na alimaanisha. Hilo ndilo lililonimaliza.

Leo asubuhi niliingia dukani kabla ya wateja, nikakilaza cheti chake kwenye kioo. Mhuri ulitoka vizuri. Nikaweka nakala, cheti chenyewe na simu yake ndani ya mkoba, nikaenda Wote.

Karani wa kaunta, mama wa rika langu, alitazama kompyuta yake kisha akanitazama mimi. "Na huyu mzee mko na yeye kwa akaunti, ako wapi?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema kwa ustaarabu kwamba ametutoka. Kilichonitoka ni "Alikufa." Nililisema kwa sauti kubwa hata foleni ikageuka. Karani aliacha kuandika. Akaniambia pole, akachukua karatasi zangu taratibu, akanipa pesa zilizokuwa zimebaki na barua niliyoifuata.

Nilikuwa bado naikunja barua ile mkoba ukalia. Haikuwa simu yangu.

"Mpendwa Mutuku, akaunti yako imefungwa kulingana na ombi lako. Asante kwa kuwa mteja wetu. Karibu tena."

Nikacheka. Kulingana na ombi lako! Mutuku hakuwahi kuomba kitu katika ofisi yoyote bila mimi kumsukuma kutoka nyuma. Nilicheka hadi mlinzi akaniletea kiti, na nilipokalia kile kiti kicheko kikageuka kilio.

Barua nimempa Faith. Mama Kyalo amepiga simu Emali, mbegu zinakuja. Ninapaswa kufurahi, na kweli nimefurahi, ila ni furaha nzito. Njiani nilijiuliza kama nimeziuza salamu zake kwa elfu tatu. Sidhani. Elfu tatu isingenitoa nyumbani kwangu. Nilitolewa na wale wanawake walioniambia kwamba ningeweza kukataa.

Nilipopita dukani kufunga, simu yake ilikuwa imebakisha chaji kidogo. Mkono wangu ulienda kwenye waya kwa mazoea. Niliurudisha. Nimekuja nayo nyumbani, nimeizima, nimeiweka kabatini pamoja na cheti.

Kesho mteja wa kwanza akileta simu yake, nitamwambia lile tundu la dirishani linafanya kazi.