Puliza Nusu

Mbebe, 4 Februari 1953

Mume wangu Yonasi,

Nakusalimu katika Bwana. Mimi mzima, goti tu. Mahindi yamesimama vizuri. Nguruwe pori wamekula ya jirani Ruti, ya kwangu wameyaacha, wananijua. Wewe hujambo huko Kitwe? Unakula, au unanunua soksi?

Sasa nisikilize. Kasiani, yule utingo wa lori, amepita hapa. Amekaa kwenye kigoda changu, amekunywa togwa yangu, halafu ananiambia huku anacheka kwamba Mzungu amekupandisha kwenye baiskeli isiyo na magurudumu, amekubana pua kwa kibanio, amekutia bomba mdomoni, ukawa unapuliza pumzi zako kwenye mfuko. Mfuko umejaa, umefungwa, umepelekwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Nikamwuliza, "Mfuko ulirudi?" Akasema, "Ulirudi mtupu, bibi." Na anacheka! Nilimnyang'anya kata mkononi.

Unakanyaga huendi popote, na pumzi zako zinakwenda chumba cha pili. Ukaona ni sawa? Nijibu upesi.

Bibi yako,
Tulinagwe

Kitwe, 9 Machi 1953

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, nashuka mgodini kila siku na nakula vizuri. Pole na goti. Msalimie Ruti na umpe pole ya mahindi.

Huyo ni daktari, bibi. Mwezi wa Agosti kuna mashindano ya baiskeli, Kitwe mpaka Ndola na kurudi, na migodi yote italeta vijana wake. Daktari anataka kujua nani ana mwili wa mashindano. Anahesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, anazungushia mapaja utepe, halafu ndiyo baiskeli ya mfuko. Anaikaza breki mpaka miguu inaungua. Anasema anayeweza kula hewa nyingi kuliko wenzake ndiye atakayetangulia barabarani. Hewa ya mfuko anaipima tu, kisha anaiachia dirishani.

Mfuko wangu uliwapita wote! Ila yupo Abrahamu, Mnamwanga wa Tunduma. Mfuko wake kama kibuyu cha mtoto, lakini barabarani tunaona vumbi lake tu. Daktari anakuna kichwa. Tutapimwa mara ya pili mwezi wa Juni, ndipo wachaguliwe.

Niombee.

Mjukuu wako,
Yonasi

Mbebe, 22 Aprili 1953

Mume wangu,

Salamu. Mimi sijambo kwa mwili. Kwa usingizi sijambo nusu.

Kaka yangu Jairo alikwenda huko Kopa, kwenye migodi yenu ya shaba, kabla wewe hujazaliwa. Kifua chake kilikuwa kama mlango wa kanisa. Hakurudi yeye, halikurudi hata kopo lake la chai. Wenzake walisema ni banyama, wale wanaokamata watu na kuwanyonya mpaka yabaki maganda. Usiniambie ni hadithi za wajinga. Mimi ndiye niliyemngoja, si wewe.

Na unajisifu mfuko wako ni mkubwa kuliko wote! Nguruwe akipimwa unene, mwenye nyumba hafikirii kumpa cheo.

Kama huwezi kukataa, basi puliza nusu. Nusu ibakize chini ya kitovu, kama unavyopuliza moto wa kuni mbichi. Anayemaliza pumzi zote mara moja ndiye anayeangukia kwenye moshi. Nani alikufundisha kupuliza moto? Basi fanya alivyokufundisha.

Bibi yako,
Tulinagwe

Kitwe, 6 Julai 1953

Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti limepona. Mimi sijui niseme niko vipi.

Nilipuliza nusu. Sikutaka, lakini lile bomba lilipoingia mdomoni nikakuona wewe na babu Jairo, na nusu nikaibakiza. Daktari aliutazama mfuko, akanipima tena, nikabana tena. Hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa. Alinipeleka kupigwa picha ya kifua. Anasema picha haiko wazi, lakini huenda vumbi la mawe limeanza kunikaa ndani. Mashindano nimeondolewa. Mgodini wanataka nisishuke tena.

Nilitaka kumwambia ukweli, nikaghairi. Ningesema nini, kwamba bibi yangu amenikataza?

Lakini si hilo, bibi. Tangu siku ile nakohoa. Ile nusu niliyoibakiza siioni tena. Nikilala najisikiliza. Sijui kama nilimdanganya daktari au kama ameona la kweli. Na nikirudi nikapuliza zote, mfuko usipojaa? Afadhali nisijue.

Mjukuu wako,
Yonasi

Mbebe, 11 Agosti 1953

Yonasi,

Salamu baadaye. Wewe mpumbavu. Nilikuambia upulize nusu, sikukuambia uugue nusu.

Nilisema nilichosema kwa sababu niliogopa. Mtu akiogopa husema. Usiitumbulie macho barua yangu.

Kabla ya huyo daktari wako, mimi ndiye niliyekuwa nakupima. Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda mlima na mahindi kutoka Isongole? Wewe nyuma na mzigo, mimi mbele, na nilikuamuru uimbe wimbo wa kanisa tangu kijitoni mpaka mwerezi wa juu. Ulidhani nakufundisha dini. Nilikuwa nasikiliza. Kifua kizima huimba mpaka juu. Kifua kibovu humeza maneno. Baba yako Fanueli, aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu, alimeza maneno kwenye ubeti wa tatu. Sikugeuka nyuma. Mwaka uliofuata tulimzika. Sijawahi kukuambia kwa sababu wewe ulikuwa unafika juu unaimba, mpaka unanichosha.

Panda baiskeli yako, ya magurudumu. Tafuta mlima. Imba wimbo ule ule, usizibembeleze pumzi. Kisha niandikie ulikatika wapi. Usinidanganye, nitajua.

Bibi yako,
Tulinagwe

Kitwe, 20 Septemba 1953

Bibi,

Shikamoo. Mlima hakuna huku. Kuna barabara inayopanda lundo la mawe ya mgodi. Nilipanda hapo.

Ubeti wa tatu.

Yonasi

Mbebe, 18 Oktoba 1953

Yonasi mume wangu,

Hujambo? Njoo nyumbani. Acha kila kitu. Nimekausha majani ya kifua, Ruti amenipa asali, hata hajataja yale mahindi. Umetumia lundo la mawe, na vumbi lake, si mlima wa Mungu. Njoo tupime hapa.

Bibi

Mbebe, 25 Novemba 1953

Yonasi,

Sijui barua hii iende wapi. Nampa Kasiani, aiulize barabarani.

Jana gunia lako limeshuka hapa. Limepita lori kwa lori mpaka Tunduma, likaletwa na wabeba mizigo, na hakuna aliyejua nani alilipakia. Blanketi lako, sufuria yako, shati jeupe, Biblia. Barua hakuna. Unajua kwetu vitu vya mtu wa Kopa vikirudi bila mwenyewe maana yake ni nini. Kabla sijalifungua gunia wanawake walikuwa wameshaingia uani, khanga kiunoni. Mmoja wao, Enesi, akafungua kinywa kuanza kulia. Nikamwambia, "Enesi, funga. Ukilia ndani ya boma langu nakumwagia maji ya nguruwe."

"Mama, kubali," akaniambia. "Kazi ya Mungu."

"Baiskeli iko wapi?" nikamwuliza. "Wamerudisha sufuria yenye tundu, baiskeli wameisahau?"

Hawajaondoka lakini. Wamekaa hapo nje sasa hivi ninapoandika, wananisubiri nichoke.

Mtu aliyekufa haendi na baiskeli. Nimelisema mbele yao kwa sauti kubwa. Sasa nakuuliza wewe kwa sauti ndogo: iko wapi?

Bibi yako

Nakonde, mpakani, 3 Desemba 1953

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nimeonana na Kasiani, nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kando ya njia. Nisamehe lile gunia. Niliogopa kuandika, ungenikataza.

Walinipa tiketi ya kurudi nyumbani. Nilimweleza daktari ukweli mwishoni. Alishika kichwa, akataka nipulize tena. Nilikataa. Siku zile Abrahamu alikuwa ameshinda, na kibuyu chake kile kile, akawaacha wenye mifuko mikubwa wote. Nikasema basi, sitaki mfuko uniambie, iniambie barabara. Nikapakia gunia kwenye lori, mimi nikakanyaga baiskeli.

Mpaka Mpika nilikohoa vibaya, nikalala kwa wenyeji nikidhani nazikwa hapo. Baada ya Mpika kikohozi kimepungua. Hakijaisha. Tambarare naimba vizuri. Kwenye vilima sijaimba, bibi. Nimeshindwa kuthubutu.

Kesho kutwa nitakuwa kijitoni. Namtuma Kasiani mbele na barua hii. Tafadhali usije barabarani.

Mjukuu wako,
Yonasi

Mbebe, 4 Desemba 1953

Mume wangu Yonasi,

Hujambo? Kasiani anakurudia na barua hii. Nimewafukuza wanawake. Enesi nimemwambia abaki, apike.

Umeniomba nisije barabarani. Mimi siombwi. Nitakuwa kwenye mwerezi wa juu, nimekupa mgongo kama siku zote. Ukikatika hutauona uso wangu, nami sitauona wako. Utashuka, utasukuma, utafika, utakula. Majani yako tayari. Kufika utafika tu, hilo halina wimbo.

Ila uimbe. Anza kijitoni, mbele ya lile jiwe tulilokuwa tukipumzishia mizigo. Usipulize nusu.

Ukianza ubeti wa tatu mimi nitabana pumzi, nisitoe mpaka uumalize. Una mistari minne, na mimi ni mzee, Yonasi. Usinicheleweshe.

Bibi yako,
Tulinagwe