Viazi vya Dirishani Si vya Kupika

Wanangu,

Natoka mbio. Sijui ni saa ngapi, ila najua nimechelewa. Maharage yamo kwenye sufuria, yapasheni moto tu. Viazi vilivyobaki dirishani, vyenye misumari na vipande vya shaba, msiviguse. Vinaendesha saa ya baba yenu.

Mimi nilivigusa. Nilikuta misumari nikadhani ni utundu wenu, nikaing'oa, nikamenya viazi viwili nikakaanga. Baba yenu akaja kunywa chai, akaangalia saa: kioo chake hakina hata namba moja. Akaangalia sahani yangu. Akaniuliza polepole, "Mama watoto, unakula umeme wangu?"

Pamoja na hasira zile alininyang'anya uma, akasema msumari unaacha sumu kwenye kiazi. Nilipaswa kumshukuru. Badala yake nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Sasa amejifungia chumbani. Anasema wiki nzima hakuna aliyemuuliza saa ile inaendaje, na wa kwanza kuishughulikia kaitia chumvi. Maneno hayo yamenichoma, maana ni kweli.

~~Akitoka mwambieni chai yake imo kwenye chupa.~~

Msimngoje atoke. Gongeni mlango, mpeni chai, halafu muulizeni kiazi kinatoaje umeme. Mkae msikilize mpaka amalize. Atakayepiga miayo ataosha vyombo.

Nikitoka kazini nitapita sokoni. Mwambieni namletea viazi vikubwa, vingi, ajaribu na redio.

Mama yenu, mla umeme