Nimetumwa Kuchunguza Ukoo wa Mchumba, Kumbe Mgonjwa Yuko Kwangu

Mpendwa Mshauri, salamu uniwie radhi nizikate, maana Jumamosi inakuja, na nisipopata mtu wa kunizuia nitafanya jambo nitakalolijutia mpaka kaburini.

Mimi ni mjane, fundi wa kushona mapazia, na katika ukoo wetu mimi ndiye shangazi mkubwa, kwa hiyo mtoto wa kaka yangu, kijana fundi umeme mwenye adabu zake, aliposema amepata mchumba, kaka aliniita dukani kwake anakouza vifaa vya ujenzi, akanikalisha juu ya mifuko ya saruji akaniambia, "Dada, kazi hii ni yako. Ichunguze familia ya huyo binti, hasa kama kuna wagonjwa wa akili, maana hayo mambo yamo kwenye damu, na ukoo wetu sisi ni safi. Chimba mpaka chini, mficha maradhi kifo humuumbua." Mshauri, niliitikia "sawa kaka" huku nikiyakwepa macho yake, kwa sababu mwanangu wa pekee, tunayemwita Kinanda kwa vile tangu utotoni haachi kuimbaimba, anaumwa akili mwaka wa sita sasa, na kaka hajui, hakuna ndugu anayejua, wote nimewaambia yuko ng'ambo anafanya kazi ya ghalani, wengine hata wananituma nimwambie awaletee simu, kumbe yuko hapa hapa mjini, upande wa pili, nimempangia chumba, anakunywa dawa zake, anaoka mikate kwenye kiwanda kidogo na bosi wake anamsifu, ila nimemkataza asikanyage nyumbani.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki ya akili kumchukulia Kinanda dawa zake za mwezi, nikachukua namba, nikakaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa, mtandio nimeuvuta mpaka machoni kama kawaida yangu, mara nasikia, "Shikamoo shangazi," kugeuka, Mungu wangu, ni yule yule binti, mchumba wa kijana wetu, ameshika mkono wa kaka mmoja mrefu aliyevaa kofia, na kabla sijaitikia akaanza kulia. "Shangazi, mmenifuata mpaka huku? Huyu ni kaka yangu, alianza kuumwa alipoingia chuo, sasa anaendelea vizuri. Nakuomba usiwaambie, niache nimwambie mchumba wangu mwenyewe." Yaani alidhani nimekwenda kumpeleleza! Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona hapo ndipo pa kuponea, nikakaza uso nikamwambia, "Mwanangu, sisi hatudanganywi, ukoo unachunguzwa," na wakati huo huo dirishani wakaita namba yangu, wakaita tena, kikaratasi kimelowa jasho kiganjani, nikajifanya sisikii, nikainuka nikatoka mikono mitupu, na mpaka leo sijathubutu kurudi, na Kinanda amebakiwa na vidonge vichache.

Jumamosi natakiwa nitoe ripoti mbele ya wazee. Nimemsikia daktari redioni akisema magonjwa haya yanaweza kurithiwa kwa vinasaba, sasa nawaza, huku kuna kaka wa binti, huku kuna mwanangu, hao watoto watakaozaliwa si watapigwa pande zote mbili? Si heri niseme ya binti, uchumba uvunjike, kila mtu apone, na ya kwangu yabaki pale pale? Halafu nikikumbuka machozi yake najiona mchawi. Na Kinanda naye ameona picha ya uchumba kwenye simu, akaniuliza taratibu, "Mama, siku ya harusi mimi nitakuwa bado niko ng'ambo?" Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Nifanyeje, Mshauri? Maji yamenifika shingoni.

Shangazi Niliyebanwa

*

Shangazi,

Kama hujachukua zile dawa, acha kusoma hapa hapa. Nenda. Ukirudi utanikuta. Mgonjwa aliyetulia miaka yote hiyo anaweza kuanguka vibaya akikatishwa dawa, na hapo hiyo siri yako itatembea barabarani bila viatu.

Umerudi? Haya, kaa. Pole sana, na naisema kwa dhati. Kumuuguza mtoto peke yako huku ukitabasamu na watu wanaokuagiza simu si mchezo. Hukumtupa, hukumfungia, umemtibu mpaka ameshika kazi. Wapo wenye uwezo kukuzidi walioshindwa hapo.

Ila pole yangu inaishia kwenye lile benchi. Binti amesimama mbele yako analia kwa mzigo ule ule unaoubeba wewe, nawe unamkazia macho kama askari! Mkuki kwa nguruwe, shangazi. Halafu unaniandikia eti unawahurumia watoto ambao hawajazaliwa. Acha hizo. Unajihurumia wewe, na umewatanguliza watoto wa watu wakukinge.

Sasa tuzungumze hiyo damu, maana hofu yako nyingine ni ya kweli. Ni kweli magonjwa haya yana urithi ndani yake. Lakini hakuna kinasaba kimoja kinachoitwa kichaa kinachoruka kutoka kwa mjomba kikatua kichwani kwa mtoto. Ni vinasaba vingi mno, kila kimoja kina mchango mdogo, na watu wengi wanavyo na wanazeeka na akili zao timamu. Mtoto mwenye mjomba mgonjwa upande wa mama, na binamu wa baba mgonjwa upande wa baba, uwezekano wake huongezeka kiasi, lakini watoto wengi wa namna hiyo hawaumwi kabisa. Tena ubongo huanza kujengwa tumboni, na ujenzi huo hauishi mpaka mtu amevuka miaka ishirini na kitu, ndiyo maana wengi huanza kuumwa ujanani, kama kaka wa binti. Katika muda wote huo kuna ya kufanya. Mama mjamzito atunzwe na ahudhurie kliniki. Kijana alale vya kutosha, akae mbali na bangi, na akianza kujitenga na kubadilika awahishwe hospitali. Niambie basi, wazazi watamwahisha vipi kama wameapiwa kwamba ukoo ni safi? Kijana wenu anaingia kwenye ndoa hajui hata ya kwao, na wa kumwambia ni wewe.

Anza na Kinanda. Ugonjwa ni wake, na ulimpeleka ng'ambo bila kumuuliza. Muulize kama yuko radhi ajulikane. Akikataa, heshimu, na Jumamosi utasema tu kwamba kwetu yamo, humtaji mtu. Akikubali, mwambie kijana wa kaka yako kabla ya wazee, ana kwa ana, bila kuzungukazunguka.

Kisha nenda kwa binti mwenyewe, usimtume mtu. Mwombe radhi. Mwambie ile namba iliyokuwa inaitwa dirishani ilikuwa yako. Atakachokujibu kipokee, hata kikiwa kichungu, umekitafuta. Yeye na mchumba wake waende pamoja kwa daktari wa akili wakaulize maswali yao, kisha waamue wenyewe kuoana au kuachana. Hapo wewe huna kura.

Kaka yako atafoka, atapiga meza, labda atakununia mwaka mzima. Anune. Atakapochoka atakumbuka kwamba ana mpwa aliye hai, anayeoka mikate katika mji huo huo anaouzia saruji.

Na Jumamosi wazee wakisema, "Haya shangazi, tupe ya ukoo wa binti," wajibu hivi: "Ya kwao waulizeni wao. Mimi nimekuja kusema ya kwetu." Useme. Wakikung'ang'ania tena kuhusu familia ya binti, sema hujui kitu. Huo ndio uongo pekee ninaokuruhusu.