Stima Ilipotea na Simu

Mutanu, uko?

Ile simu ya intaneti niliweka kliniki nikakata laini ya zamani, leo stima imepotea ikazima nayo. Ikazima kabisa! Mimi sikujua inategemea stima.

Na Nzioka, yule mkulima wa nyanya, alikuwa anapiga tumtumie ambulensi, bibi yake ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Namba hiyo tu ndio alikuwa nayo.

Amemleta na pikapu yake ya kubeba nyanya. Mtoto amezaliwa getini, mimi nimepiga magoti kwa vumbi. Getini, Mutanu!

Wako salama wote wawili. Lakini Nzioka ameniambia polepole, "Sista, nilipiga, nikapiga."

Laini ya zamani nimeomba irudishwe, kampuni ya simu inasema ningoje. Nimechukua rangi nikaandika namba ya simu yangu ya mkono kwa geti.

Ikilia tu, naruka.